Maneno Yaliyokawia Igawa

Mwaka wa sabini na tano, baada ya Pasaka, simu kati ya Mbeya na Iringa ikawa nzito. Haikukatika, wala haikukwaruza. Mtu alisema neno asubuhi akiwa Mbeya, likafika Iringa adhuhuri au magharibi, kadiri lilivyojaliwa, likiwa zima, halijapungua hata kikohozi. Watu wakazoea. Wauza viazi wa Mbalizi walijifunza kuagiza magunia mapema. Wanandoa waliogombana kwa simu walinufaika, kwa kuwa tusi lilipofika, aliyelitoa alikuwa ameshakula na kupoa.

Aliyeumia ni Mama Sekela wa Sokomatola, mjini Mbeya. Mwanawe Isakwisa, dereva wa lori, alipinduka kwenye mteremko wa Kitonga, na sasa alikuwa amelazwa Iringa bila kufumbua macho. Daktari alisema huenda anasikia, aongeleshwe na mtu wake. Miguu ya Mama Sekela ilikuwa imevimba, asingeweza kupanda basi, lakini posta ilikuwa jirani. Kila asubuhi alijikokota hadi kwenye kibanda cha simu, akamwita mwanawe.

Kule Iringa wauguzi walisukuma kitanda hadi kwenye simu ya ofisini, wakamwekea mgonjwa mkono wa simu sikioni, wakangoja. Simu ilipotakiwa kwa kazi nyingine, walimrudisha wodini. Ndipo sauti ya Mama Sekela ilipofika, ikamkuta mtunza stoo akiagiza sabuni.

"Isakwisa, mwanangu, amka."

Mtunza stoo alivua kofia, akasikiliza hadi mwisho. "Nimesikia, mama," akajibu kwa adabu, kisha akaendelea na sabuni.

Kalista, opereta wa Mbeya, alimfuata fundi Anania karakanani.

"Kaka Anania, yule mama atamaliza sauti."

"Nimebadilisha simu yenyewe. Nimebadilisha waya wa kibandani. Betri za mitamboni ni mpya, na ubao wako wa kuunganishia nimeusafisha plagi moja moja. Humu ndani hakuna ubovu."

"Basi uko njiani."

"Uko njiani," Anania alikubali, akaenda kuomba Landrova.

Alichukua simu ya majaribio na mkanda wa kupandia nguzo, akaelekea mashariki. Alipofika Uyole alipanda nguzo, akaning'iniza simu kwenye waya, akaita. Kalista akaitika palepale. Chimala, palepale. Igawa, palepale, na sauti yake ilikuwa safi kama yuko upande wa pili wa meza. Alipoipita Igawa kidogo akapanda tena, akasema, "Haloo." Akangoja. Akashuka, akala mahindi ya kuchoma aliyonunua sokoni, akanawa, akajinyoosha kivulini. Kalista alipoitika, kivuli kilikuwa kimeshahama.

Anania akarudi nyuma nguzo kwa nguzo, akijaribu kila moja, mpaka akazipata mbili zilizopakana: ya huku neno lilikwenda mara moja, ya kule lilikawia. Katikati palikuwa na mahame. Kuta za udongo zilikuwa zimeungua, na zizi lilikuwa limeota magugu. Hapo waya ulikuwa umeshuka hadi usawa wa mikono ya mama mmoja mtu mzima, aliyekaa kwenye kigoda. Alikuwa amevaa sanda, ameifunga kiunoni kama mtu aliye kazini. Kila neno lililopita alilichukua kwa vidole viwili, akalisogeza sikioni, akalisikiliza, kisha akalirudisha taratibu upande wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa kwanza. Kuna mtu wa Tunduma hapa, anaongea sana."

Anania akakaa chini mpaka mtu wa Tunduma akaisha.

"Mimi ni fundi wa simu," akasema. "Maneno yanachelewa."

"Najua. Lakini siyaharibu."

"Hayaharibiki, mama. Kwa hilo tunashukuru."

Mama yule alijitaja kuwa anaitwa Minza. Familia yake ilitoka Usukumani na ng'ombe wao, ikajenga hapo. Yeye mwenyewe alizikwa hapo Alhamisi. Jumamosi yalikuja malori ya serikali kuwahamishia watu kijiji kipya cha ujamaa, na nyumba zikachomwa ili wasirudi.

"Walipakiwa haraka," akasema. "Hakuna aliyepata nafasi ya kuja kaburini kuniambia wanaenda wapi. Nami nikaona maneno yanapita juu yangu kutwa nzima. Nikasema, huenda na ya watoto wangu yamo."

"Umeyapata?"

"Bado."

Anania akamweleza habari za Mama Sekela. Minza akatikisa kichwa.

"Huyo anayemwita Isakwisa? Huyo namjua. Lake nakaa nalo sana kuliko ya wengine. Unisamehe, baba. Linafanana na langu."

Fundi hakuwa na kifaa cha kutengenezea jambo hilo. Akaaga, akarudi Igawa, akaulizia dukani waliohamishwa walipelekwa wapi. Wakamwonyesha njia ya kuingia mbugani. Aliendesha hadi vumbi likamfunika nyusi, akamkuta Nkuba, mtoto wa kwanza wa Minza, akifukua mchanga wa mto uliokauka ili apate maji ya kunywa.

"Mama yako anawatafuta," Anania akasema.

Nkuba akaweka jembe chini. "Bado yuko palepale?"

"Palepale. Ameshika waya wa simu."

"Alikuwa hapendi kukaa bure," Nkuba akasema, akamwita mkewe na watoto, wakapanda Landrova.

Walipofika, Minza aliwatazama mmoja mmoja, kisha akauliza, "Mmekula?"

"Tumekula, mama."

"Ng'ombe?"

"Wamebaki wachache."

"Maji?"

Nkuba akatazama pembeni. "Yako mbali."

"Basi rudini. Kisima chetu kina maji, huku chini nayasikia yakitembea."

"Hawaturuhusu, mama. Wametuweka kule mbugani, tukirudi watatupakia tena."

Maneno yakajipanga kwenye waya, yakimngoja. Hatimaye Minza akapangusa mikono kwenye sanda.

"Angalau sasa najua mliko," akasema, akauachia waya. Waya ukapanda wenyewe hadi kwenye vikombe vyake vya nguzoni, ukakazika. Anania akapanda nguzo ya kule.

"Ha—"

"Nakusikia!" akaitika Kalista.

Asubuhi iliyofuata Mama Sekela aliingia kibandani, na huko Iringa kitanda kikasukumwa. Kwa mazoea alipaza sauti kama anayeita mtu wa ng'ambo ya mto. Kisha simu ikasema, kwa sauti kavu ya mtu aliyelala siku nyingi:

"Mama, usipige kelele. Nasikia."

Mama Sekela alilia hadi Kalista naye akashindwa kuunganisha watu. Alipoambiwa nani aliyeuachia waya, aliushika tena mkono wa simu, akasema, "Ndaga fijo, Mama Minza," na kwa kuwa neno lilipita palepale juu ya kaburi lake, lilimfika. Kuanzia hapo kila alipopiga simu alianza na shukrani hiyo, na wauza viazi wakamwiga.

Anania alikwenda kwenye ofisi iliyosimamia kuhama. Bwana mkubwa alimpa chai, akamshika mkono kwa kazi nzuri ya simu. Kuhusu maji alimwonyesha ramani ukutani. Penye kijiji kipya kisima kilikuwa kimeshachorwa kwa wino wa buluu.

"Unaona? Limeshashughulikiwa."

Anania akashukuru kwa chai, akatoka.

Isakwisa alipona, ingawa alichechemea, na mama yake akamsimulia habari za Minza na wanawe. Aliporudishiwa lori, safari yake ya kwanza alipakia mapipa ya maji hapo Chimala, akakata kona mbugani, akateremsha yote mbele ya nyumba ya Nkuba. Wanawake walimpokea kwa vigelegele, wakamkalisha kivulini, wakampa maziwa kutoka kwa ng'ombe waliobaki. Mke wa Nkuba alipiga goti. "Wabeja, baba," akasema. Isakwisa akasema yeye ndiye wa kushukuru, wakabishana juu ya hilo hadi kibuyu kikaisha.

Maji yalitosha hadi Jumanne. Jumatano, jua halijachomoza, wanawake walijitwika ndoo tupu, wakashika njia ya mtoni, wakimwombea dereva afya njema.