Kipande cha Shahidi Hakikubanduka

Chelezo cha tatu cha hewa, cha kuokolea mabaharia, kilianza kuzomea Jumanne, saa nne asubuhi.

Hakikupasuka. Kingepasuka ingekuwa nafuu, maana kinachopasuka kila mtu hupaona kilipopasukia. Hiki kilizomea polepole, sss, mfano wa nyoka anayeota. Buppha akachovya brashi kwenye ndoo ya povu la sabuni, akapaka juu ya kiungo, pale mrija mmoja unapolalia mwenzake kwa upana wa vidole vinne. Povu likachemka.

"Palepale tena," akasema kwa sauti ya chini, kama anayejiambia mwenyewe.

"Palepale wapi?" Msimamizi Wirot alikuwa nyuma yake, macho yake kwenye geji ya hewa. Sindano ilikuwa inashuka. "Sema kwa sauti, dada. Hapa si hekaluni."

Buppha akainamisha kichwa. Alikuwa na jibu, lakini mtu akimwambia aseme kwa sauti, ndipo sauti inapokimbia.

"Nisikilize basi," Wirot akasema. "Meza hii ya kuungia ilikaa miaka bila neno. Umekuja wewe, wiki tano tu, vyelezo vitatu vinavuja. Sisemi ni wewe. Nasema kilichobadilika ni kimoja. Jumatatu tunajaza cha nne. Kikizomea, unarudi kufunga kamba."

Akaondoka. Kule mwisho wa karakana Thongdi, aliyekuwa akikata kitambaa, akapaza sauti: "Usilie, Buppha! Kwenye kamba kuna upepo mzuri, na fundo halivuji!"

Watu wakacheka. Buppha naye akatabasamu kidogo, kwa adabu, lakini hakutaka kurudi kwenye kamba. Miaka miwili alikuwa amefunga kamba za kushikia pembeni mwa vyelezo, mafundo yaleyale, kutoka asubuhi hadi jioni, na hakuna fundo lililomuuliza swali. Gundi ilikuwa kitu kingine. Gundi ilikuwa na tabia. Siku ya mvua hairuhusu kuguswa, maana unyevu wa pwani hii ya Songkhla huingia ndani yake na kuitia ukungu. Siku ya jua kali hukauka kabla hujageuza shingo. Shangazi Laiat alikuwa amemfundisha yote hayo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye meza ile, na alipokuwa akiongea habari za gundi ungedhani anaongea habari za mkwe wake.

Huyo shangazi alikuwa sasa amesimama kando ya chelezo kilichokuwa kikinywea, akijisugua paji la uso.

"Usimjali Wirot," akasema. "Anaogopa wenye meli, nao wenye meli wanaogopa bahari. Woga unashuka ngazi, unaishia kwetu."

"Shangazi, mbona shahidi hakubanduka?"

"Nani?"

"Kipande cha shahidi."

Kila kiungo kilikuwa na shahidi wake. Mtu akiunga mrija, papo hapo huunga na vipande viwili vidogo vya kitambaa kilekile, kwa gundi ileile, mkono uleule, saa ileile. Vinaandikwa namba na kutundikwa ukutani siku tatu mpaka gundi ikomae, halafu vinavutwa kwa ndoano yenye uzito. Shahidi akishika, kiungo nacho kinahesabiwa kimeshika. Na mashahidi wa vyelezo vyote vitatu walikuwa wameshika kama kupe.

"Shahidi kala rushwa," Thongdi akadakia kutoka kule kule.

"We Thongdi, kata kitambaa chako!" Laiat akamkemea. Kisha akamgeukia Buppha. "Sijui, mwanangu. Nimeliwaza hilo hadi kichwa kinauma."

Mchana, wenzake walipokwenda kula wali wa majani na nazi ya kukaanga kwa mama muuza chakula wa nje ya geti, Buppha alibaki. Alikifunua kiungo kilichovuja, polepole, kwa kisu butu, kama mtu anayefungua barua isiyo yake. Ndani mlikuwa na madoa matatu yaliyojipanga mstari mmoja: moja ukingoni, moja katikati, moja ukingo wa pili. Kila doa lilikuwa na ukubwa wa kokwa la ukwaju. Kwingine kote gundi ilikuwa imeng'ang'ania hadi ikang'oa nyuzi za kitambaa, lakini ndani ya madoa ilikuwa laini, inateleza, haijashika kitu. Upepo ulikuwa umerukia kutoka doa hadi doa, kama mtu anayevuka kijito kwa mawe, mpaka ukatoka nje.

Akafungua na kiungo cha pili. Madoa matatu.

Akaleta shahidi wa kiungo hicho, akamvuta kwa nguvu zake zote mpaka vidole vikauma. Hana doa hata moja.

Basi akakaa sakafuni na kujiuliza swali ambalo lilimfanya asahau njaa: ni kitu gani anachofanyiwa mrija, na shahidi hafanyiwi?

Jumatano asubuhi aliomba kupanga vifaa, ili awe karibu na asionekane anachunguza. Chelezo cha nne kilikuwa mezani. Akamtazama Laiat akisugua kitambaa kwa msasa mpaka kikapoteza ung'avu. Shahidi naye alisuguliwa. Laiat akapangusa mafuta kwa thina. Shahidi naye alipanguswa. Gundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mrija na shahidi sawasawa, brashi moja. Kisha kungoja, maana gundi hii haiunganishwi ikiwa mbichi. Hungojwa ikauke nusu, inate bila kushika kidole. Ukiwahi inateleza, ukichelewa haikubali tena.

Na hapo Laiat akafanya alichofanya siku zote. Alikunja ngumi, akagusa gundi ya mrija kwa kifundo cha kidole cha kati: ukingoni, katikati, ukingoni.

"Bado," akasema.

Shahidi hakuguswa. Kwa nini aguswe? Gundi ni moja. Ukishajua hali ya mrija, ya shahidi umeijua.

Hapo Buppha akaona amepata jibu, akafurahi. Lakini furaha ile ilikatika palepale. Kifundo, sawa, ila kifundo kina kosa gani? Watu wa kazi hii wote hutumia kifundo, tena kwa sababu ni safi. Ncha ya kidole ina jasho na mafuta. Kifundo ni kikavu. Laiat mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo, siku ya kwanza.

"Mbona umenikodolea macho?" Laiat akauliza. "Nimeota pembe?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi niletee kikopo changu. Hii harufu leo inanipasua kichwa."

Buppha akaleta kikopo cha marhamu ya kijani yenye kafuri. Kila mtu kwenye karakana alikuwa na chake, mfukoni au kwenye droo; bila marhamu, harufu ya gundi humfikisha mtu saa nane akiwa hoi. Laiat akakishika kwa mkono wa kushoto. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejaa gundi, na gundi ikiingia kikoponi marhamu yote inaharibika. Kwa hiyo alikunja ngumi, akachota kwa kifundo cha kidole cha kati, akajipaka paji la uso huku na huku, na chini ya pua.

"Aah," akasema. "Nimefufuka."

Kisha, kwa kifundo kilekile, akagusa gundi ya mrija. Ukingoni, katikati, ukingoni.

"Sasa tayari. Shika upande wako."

Buppha alishika upande wake. Walilaza kitambaa juu ya kitambaa kuanzia katikati kwenda pembeni, wakapitisha rola kufukuza hewa, na wakati wote ule ulimi wake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Angesema nini? Kumwambia mtu mzima kuwa amekosea, tena mtu aliyekufundisha, tena mbele za watu, ni sawa na kumruka kichwa amelala. Na kama si kweli je? Alikuwa ameona tu. Hakuwa amethibitisha.

Jioni alibaki nyuma ya wenzake. Aliunga vipande viwili vya kitambaa: kimoja alikigusa mara tatu kwa kifundo kikavu, kingine mara tatu kwa kifundo chenye marhamu kidogo, kiasi cha mbegu ya ufuta. Akavitundika nyuma ya kabati, mahali pasipoonekana. Alhamisi wakaunga viungo vingine. Ijumaa vingine. Kila Laiat alipochota marhamu, Buppha alihesabu kimoyomoyo, na hakusema neno.

Jumamosi, siku tatu zikiwa zimetimia, aliviweka vile vipande viwili kwenye ndoano kabla ya watu kuja. Cha kifundo kikavu kilibeba uzito wote bila kubanduka. Cha marhamu kilibanduka kama ganda la ndizi, na katikati yake yakaonekana madoa matatu, laini, yanateleza.

Alifurahi. Hilo alilitubia baadaye, lakini kwa muda mfupi alifurahi kama mtu aliyepata ufunguo wa nyumba. Halafu akakumbuka chelezo cha nne kilichokuwa mezani kikingoja Jumatatu, naye amesaidia kukiunga.

Laiat alipoingia, Buppha alimsubiri aweke mfuko wake, akampa kipande kwa mikono miwili.

"Nini hiki?"

"Vuta, Shangazi."

Laiat akavuta. Kikafunguka bila shida. Akakigeuza, akayaona madoa, na uso wake ukabadilika, maana madoa yale alikuwa ameyaona kwenye vyelezo vitatu.

"Umekifanyaje?"

Sauti ikakimbia. Buppha akakunja ngumi, akanyoosha mkono, kifundo cha kidole cha kati mbele. Kilikuwa na marhamu aliyoichota kikoponi asubuhi ile, kikinukia kafuri. Laiat akainama, akanusa. Kisha akanusa cha kwake.

"Tangu lini unajua?"

"Jumatano nilishuku. Leo ndiyo nimejua."

"Jumatano." Laiat akakaa kwenye kigoda. "Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Viungo kumi na viwili. Umesimama hapo, ukashika upande wako, ukaniacha niviharibu?"

"Niliogopa, Shangazi."

"Uliniogopa mimi? Mimi ninayekula nusu ya wali wako?" Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Na yule atakayekaa ndani ya chelezo hiki usiku, yeye amwogope nani? Siku nyingine ukishuku tu, nipige hata kibao mkono nisiguse. Nitakasirika. Nikasirike! Nitakufa kwa hasira?"

"Ndiyo, Shangazi. Yaani, hapana."

Laiat akacheka bila kupenda, akajifuta macho kwa kiwiko, akasimama. Akaenda moja kwa moja kwa Wirot, Buppha akimfuata hatua tatu nyuma.

"Wirot, mdogo wangu, usimrudishe msichana kwenye kamba. Ni mimi." Akamweleza yote, kifundo na kikopo, mbele ya watu, bila kupunguza.

"Dada Laiat," Wirot akasema, na mdomo ukamkaa wazi. "Miaka ishirini na miwili!"

"Miaka yote hiyo sikuwa naumwa kichwa. Ni hizi wiki chache tu."

Wirot akakitazama kipande, akamtazama Buppha. "Wewe ndiye umekijaribu hiki?"

"Mimi, Kaka."

"Kwa nini hukusema, na mimi nilikuuliza?"

"Ulisema niseme kwa sauti."

Thongdi alicheka hadi mkasi ukamdondoka. Wirot akajikuna shingo. "Basi sema hata kwa kunong'ona. Utabaki mezani. Na kuanzia sasa marhamu hazivuki mlango huu."

"Sasa tutanusa nini, Kaka?" Thongdi akalalamika. "Kwapa lako?"

Siku nzima ile Buppha na Laiat walifungua viungo. Walianza na cha nne, kisha wakaleta vyelezo viwili vilivyokuwa tayari ghalani, vimekunjwa ndani ya makasha yao, vimepita majaribio, vinangoja meli. Kwa kisu butu, kiungo kwa kiungo. Mirija ikawa kama daftari la siku za Laiat. Kiungo hiki hakina doa: siku hiyo aliamka vizuri. Hiki kina madoa matatu. Hiki vilevile.

"Hii ilikuwa siku mwanangu wa kiume aliponipigia simu," Laiat akasema. "Kichwa kilipoa chenyewe. Ona, safi."

Halafu wakafika kwenye kiungo kilichokuwa na madoa tisa.

Buppha akayahesabu mara mbili. Tisa si maumivu ya kichwa. Mtu anayeumwa kichwa hujipaka na kugusa. Hagusi mara tisa. Akakumbuka somo lingine la siku ya kwanza, kwamba fundi mzoefu hahitaji sana kugusa, kwa sababu gundi ikiiva mng'aro wake huzimika, na jicho huona kabla ya mkono.

Akachukua brashi, akapaka gundi mbichi kwenye kipande, akakisogeza chini ya taa. Iling'aa kama maji.

"Shangazi," akasema, na safari hii sauti ilibaki mahali pake. "Unauona mng'aro huu?"

Laiat akainama karibu, akarudi nyuma, akainama tena. Akafinya macho, na mkono ukampanda wenyewe kwenye paji la uso, pale kichwa kinapomuuma.

"Mng'aro upi?" akauliza.