Hiyo Si Rangi, Ni Timu

Mtoto wa Bernadeta alikuwa na kila kitu isipokuwa jina. Alikuwa na kofia za sufu za kutosha ukoo mzima, beseni lake mwenyewe, na sauti iliyofika mpaka ufukweni mwa ziwa, ambako wanawake wa Pasiansi waliokuwa wakianika dagaa walitikisa vichwa na kusema, "Huyo analilia jina."

Jina lilikuwepo. Bernadeta alitaka aitwe Kijani. Kikwazo kilikuwa baba mkwe wake, Mzee Luhaga, mtu wa haki, mcha Mungu, na mshabiki wa Simba tangu ujana wake. Simba huvaa nyekundu; kijani huvaliwa na mahasimu wao, Yanga.

"Hiyo si langi," alitamka alipoletewa habari. "Hiyo ni timu." Mzee alilelewa akisema Kisukuma, na hakuwahi kuona sababu ya kuhangaika na herufi r.

Suala hili lilimfikia Gladness, mdogo wake Bernadeta, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, mahali alipofunzwa hesabu, Kiingereza, na namna ya kucheka bila kutikisa mabega. Akamwuliza dada yake kwa nini asitafute jina jingine, watu walale.

Bernadeta alikuwa akinyonyesha, macho yake dirishani, ambako mlima wa mawe ulichungulia nyuma ya nyumba za majirani.

"Unamkumbuka yule wa kwanza?"

Gladness alimkumbuka. Hakuna aliyemsahau, ila hakuna aliyemtaja.

"Tulimzika kiangazi. Nilikaa hapahapa, mlima wote umekuwa kama mkate ulioungua, nikasema sitautazama tena. Sasa juzi nimerudi na huyu kutoka hospitali, nikajisahau, nikatazama. Kila ufa wa jiwe umeota majani, Gladi. Hata pasipo na udongo. Kijani ni rangi, sawa. Lakini si ni jani dogo pia? Basi ndiye huyu."

Gladness alikuwa ameandaa utani. Akaumeza.

Jumapili baada ya misa Mzee Luhaga aliwasili kutoka Buhongwa, fulana nyekundu ikichungulia ndani ya koti, kuja kumaliza kilio kwa njia ya wazee. Mtoto hutajiwa majina ya marehemu wa ukoo moja baada ya jingine, na lile litakalomnyamazisha ndilo alilokuwa akililia.

"Na likishampata, limempata," alieleza. "Hakuna lufaa."

"Shikamoo, babu," alisema Gladness.

"Malahaba. Mshike wewe mtoto. Mama yake ana upendeleo."

Mzee hakujua alichokifanya. Gladness alimpakata mtoto, akamfunika ncha ya khanga usoni kama mlezi mwema, na chini ya khanga hiyo akakiweka tayari kidole chake kidogo, kilichonawishwa kwa sabuni. Alikwisha kugundua kwamba mtoto huyu akipewa kidole anyonye, hunyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Mpango ulikuwa mwepesi: likitajwa Kijani, kidole kiingie.

"Minza," aliita mzee.

Mtoto akalia.

"Milembe."

Akalia zaidi.

"Nyanzobe, aliyekuwa na ng'ombe wengi."

Ng'ombe hawakumgusa moyo.

Mihayo, baba wa mtoto na mtoto wa mzee, alikuwa akikagua dari kama fundi.

"Baba, jaribu na lile langu," alisema Bernadeta taratibu.

"Silitaji."

"Kulitaja tu, baba."

"Mdomo huu haujawahi. Mjukuu wangu hawezi kubeba jina la Yanga."

Hapo Gladness alitambua kwamba mzee hatalitaja lile jina hata ziwa likauke. Lililokwisha kutamkwa lilikuwa Yanga; akaamua kulitumia hilo. Kidole kikaingia.

Kikatanda kimya cha kanisani.

"Amenyamaza," alisema Mihayo, macho yakishuka kutoka darini.

"Amenyamazia wapi?"

"Uliposema Yanga, baba."

Mzee Luhaga akakaa. Akamtazama mjukuu wake kama mtu aliyesalitiwa sebuleni kwake. "Labda amechoka."

"Si ulisema hakuna rufaa, babu?" Gladness aliuliza kwa unyenyekevu mkubwa.

"Mimi sibishani na wazee," alisema Bernadeta. "Aitwe Yanga. Au kama baba anaona ni zito, kuna majina yaliyo jirani na hilo."

Mzee akanyoosha mikono, akapewa mtoto, akaenda naye dirishani. Gladness alibaki na kidole chake, bila mpango wowote.

"Kwa nini Kijani?" mzee aliuliza mwishowe, mgongo wake kwao.

Jina lilikuwa limemtoka mdomoni. Mtoto hakulia.

"Tazama mlima, baba."

Akatazama. Kaburi lile dogo la kiangazi alilichimba yeye, kwa sululu, kwa kuwa jembe lilikataa kuingia. Akampapasa mtoto mgongo.

"Udongo ulikuwa mgumu sana," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na kumeota hivi."

Akamgeuza mtoto, wakatazamana. "Kijani," alimwita, polepole, kama anayeonja chakula cha ugenini. Mtoto akapiga mwayo.

"Haya. Lakini sweta nitanunua mimi. Jekundu." Akaelekea kitini, na alipompita Gladness akainama kidogo. "Na wewe, mwanafunzi, futa kidole."

Gladness akakifuta kwenye khanga, kwa heshima zote.