Joho la Wifi

Fundi alikuwa Mkristo safi kabisa, isipokuwa kifuani mwa wifi yake. Nasema kifuani kwa sababu ndiko alikoweka kinyongo chake, kwa sindano na uzi. Kila kwaya ilipotaka majoho mapya, yeye ndiye aliyepima, akakata, akashona, na kila mara joho la wifi, dada wa mumewe, lilitoka limebana pale pale panapohitaji pumzi. Si sana. Kidogo tu, kiasi cha kumfanya mwimbaji afike katikati ya ubeti akitweta.

"Labda umenenepa, wifi," Fundi husema, macho makavu, huku akikunja futi yake.

Kisa chenyewe? Siku moja mezani, mbele ya ukoo mzima, wifi alisema sauti ya Fundi ni kama cherehani iliyokosa mafuta. Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka, mume naye akiwamo. Fundi akajitoa kwenye kwaya, akasingizia kikohozi.

Basi kikohozi kikaja kweli, tena kikachagua mahali pa kukaa. Sala ya Bwana ikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, Fundi hukohoa. Akimaliza, wenzake wameshavuka, naye hudandia kule mbele. Aliamini kabisa kwamba Mungu hajaustukia ujanja huo.

Mchungaji ndiye aliyemharibia. Alipita dukani kuchukua suruali yake, akamwambia, "Mama, Jumapili utatuongoza wewe katika Sala ya Bwana."

Fundi alikuwa akiitamani nafasi hiyo kufa na kupona. Mchungaji alipotoka tu, akarudishia mlango, akapiga magoti katikati ya vipande vya vitambaa, akajaribu. Alipofika pale, akakohoa. Akaanza upya, akakohoa tena. Anayeongoza hana pa kujificha. Akikohoa, kanisa zima litanyamaza kumsubiri.

"Bwana, nimemsamehe," akasema kwa sauti. "Nimebakiza kidogo tu."

Akainua macho. Joho jipya la wifi lilikuwa linaning'inia msumarini, kifua kimebana vilevile. Kidogo chenyewe kilikuwa hicho. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, na nisimfichie, aliona uchungu pia, maana alikuwa amelishona vizuri. Akachukua wembe, akafumua ubavu mmoja, kisha wa pili. Kitambaa cha akiba kilikuwamo ndani, kwa sababu hata kinyongo hakikuwahi kumharibia ufundi wake. Akashona upya, akinung'unika mpaka mwisho wa mshono.

Siku ya kujaribu, wifi alivaa, akainua mikono, akavuta pumzi huku amefumba macho akisubiri kubanwa. Hakubanwa. Akavuta nyingine, ndefu. Kisha akamgeukia Fundi.

"Leo umenisamehe?"

Fundi akajifanya anatafuta pini. "Kwani ulikuwa unajua?"

"Mwili wangu naujua, wifi. Sikunenepa."

"Sasa si ungelipeleka kwa fundi mwingine?"

"Angelipanua, halafu mimi ningejuaje siku moyo wako utakapolegea? Nilikukosea, nikaona haya kukuambia. Nikasema acha linibane, nimejitakia mwenyewe."

Pini zikamwanguka Fundi. Alilia bila kujificha, futi ikimning'inia shingoni, na wifi akalia naye.

"Mjinga wewe! Ungesema."

"Na wewe je?"

Jumapili, Fundi alisimama mbele. Alipofika pale pa kusamehe, koo likamtekenya kwa mazoea. Akameza mate, akapatamka polepole, neno kwa neno, na kanisa zima likamfuata. Kisha kwaya ikaimba, na wifi akaivuta noti ya mwisho mpaka mpiga kinanda akachoka kumsubiri.

Nje, baada ya ibada, wifi alimvuta Fundi pembeni na kumwonyesha joho lilivyompwaya.

"Safari hii umezidisha huruma. Hebu nipunguzie kidogo."

"Kidogo?" Fundi akaitoa futi kwenye mkoba. "Mkono wangu na hicho kidogo haviaminiani bado. Simama hapa nikupime upya."