Jina la Birindwa Juu ya Bati

Charline alipanda ngazi mapema, kabla mvua haijaanza, akafagia paa. Katika mtaa wa Keshero, mjini Goma, kila nyumba inayokinga maji ya mvua hufagiwa paa, kwa sababu majivu ya volkano ya Nyiragongo huchafua pipa. Asubuhi hiyo majivu yalikuwa machache. Vipande vya karatasi ya gazeti ndivyo vilivyokuwa vingi, vyembamba kama utepe, kila kimoja kikiwa na sentensi moja au mbili za Kifaransa.

"Leo bamekata mingi," alimwambia mumewe, aliyekuwa chini ameshika ngazi.

"Niliandika murefu," alijibu Élisée.

Élisée alikuwa mwandishi wa habari. Aliliandikia habari za Goma gazeti la mji mmoja wa Quebec, nchini Kanada. Hapo mwanzo gazeti hilo lilikuwa na ukurasa mzima wa habari za nje. Kisha kampuni ya uwekezaji ililinunua. Ukurasa ukawa safu, safu ikawa aya. Toleo la Jumatatu lilifutwa, halafu matoleo yote isipokuwa la Jumamosi. Tangu hapo kila sentensi iliyokatwa kule ilianguka usiku juu ya paa la aliyeiandika. Majirani hawakuwa na neno, ila walimwomba Charline asifagilie upande wao.

Safari hii habari ilikuwa ya boti. Boti ya abiria iliyotoka bandari ya Kituku ilizama ziwani ikiwa imejaa kupita kiasi. Mwenye boti, mtu aitwaye Julien, alisema waliokufa ni wale tu ambao miili yao ilipatikana. Mwili wa Birindwa, fundi cherehani, haukupatikana. Mkewe, Kasoki, aliuza mandazi pale pale Kituku na alimwona akipanda na furushi la mashati ya kupeleka soko la Minova. Alitaka kumlilia mumewe. Kwa desturi matanga yangewekwa na Onésime, kaka mkubwa wa Birindwa, na Onésime alikataa.

"Bila mwili, bila tangazo, tutalia nani?" alisema. "Pengine iko Bukavu kwa bibi mwengine."

"Nilimuona anapanda, shemeji."

"Ulimuona anapanda. Haukumuona anazama."

Redio za mjini Onésime hakuziamini, kwa kuwa aliwafahamu watangazaji. Aliamini magazeti ya ng'ambo. "Kule banahakikisha kwanza," alisema. "Jina yake ikitoka kule, siku ileile naweka matanga."

Kasoki akaenda kwa Élisée, naye akaandika kila kitu: jina la Birindwa, jina la Julien, uzito wa mizigo, maneno ya wapagazi waliopakia. Mhariri wa Kanada alimpigia simu. Alikuwa mwanamke mwenye adabu. Katika ofisi nzima walibaki yeye na mwandishi wa michezo. Alisema habari ni nzuri, ila nafasi hakuna. Gazeti lilichapisha kwamba boti ilizama katika ziwa moja la Kongo na watu kadhaa walikufa. Yaliyobaki ndiyo Charline aliyokuwa akifagia.

Alimtunzia Kasoki kipande chake. Kilisema kwamba fundi cherehani Birindwa alionekana na mkewe akipanda boti ya Julien, na kwamba mwili wake haujapatikana. Kasoki alipompelekea, Onésime alivaa miwani, akakisoma, akaipapasa karatasi.

"Hii ni ya gazeti kabisa," alisema. "Lakini bameikata. Kama bameikata, iko na sababu."

"Sababu ni nafasi, shemeji."

"Nafasi ya mutu moja inakosa namna gani? Kanada ni kubwa."

Élisée alituma habari tena, fupi zaidi. Ikarudi. Akatuma jina, kazi na boti peke yake. Yakarudi pia, asubuhi yenye mvua, na Charline akayaanika kwenye kamba pamoja na nguo za watoto. Wakati huo hata kilichochapishwa hakikuwafikia wengi, kwani mtandao wa kijamii ambao Wakanada walizoea kusomea habari kwenye simu zao ulikuwa umeziondoa habari zote nchini humo.

Kisha gazeti lilifungwa na tovuti yake ikazimwa. Usiku huo yote ambayo Élisée aliwahi kuliandikia yaliangukia nyumba yake: uchaguzi, lava, kambi za Kibumba, bei ya maharage ya Rutshuru. Bati lilibonyea katikati. Majirani walileta magunia na makoleo. Mhariri alituma ujumbe kuuliza kama habari zake zimefika salama, na Élisée akamjibu kwamba zimefika.

Onésime alipita kuangalia. Aliokota sentensi iliyosema kwamba boti ilizama.

"Hata hii imerudi," alisema. "Basi pengine haikuzama."

Kasoki aliomba gunia moja, akachambua vipande vya Birindwa, akaenda navyo kazini.

Siku hizi huvizungusha kwenye mandazi. Boti mpya ya Julien, iliyopakwa rangi ya buluu, huegeshwa karibu na meza yake, na vipande hivyo huviweka kwa ajili ya abiria wa boti hiyo. Juzi kijana mmoja alikisoma chake akitafuna.

"Mama, huyu Birindwa ni nani?"

"Bwana yangu."

"Pole, mama." Alimeza. "Uniongezee moja."

Kasoki alimwongezea. Kijana alijifuta mafuta ya vidole kwa ile karatasi, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Ubavu wa boti ulikuwa umebakiza upana wa kiganja juu ya maji. Mpiga debe wa Julien alisimama juu ya magunia, akiita watu.

"Nafasi iko," alisema. "Nafasi ingali iko."

Kijana akapanda.