Bi Nhàn na Peasi za Msiba Wake

Habari za kifo chake Bi Nhàn alizipata sokoni, akichagua kotimiri.

Wanawake wawili walikuwa upande wa pili wa rundo la mafenesi, wakinong'ona kwa ile sauti ya watu wanaotaka kusikika.

"Yule Nhàn mpika keki za wali, jirani wa hekalu, ametutoka," alisema mmoja. "Binti yake mwenyewe katangaza jukwaani. Mkahawa mzima ulilia."

"Maskini. Na mwaka mpya wa Tết ndio huu umefika. Sasa keki tutanunua wapi?"

Mwingine angejitokeza akawasuta. Bi Nhàn ni mtu wa wasiwasi, akajifinya mkono kwanza. Kisha akaenda kumsalimu muuza samaki, na muuza samaki, aliyezidiwa na wateja, hakuitika. Hapo akaanza kuamini kuwa kweli amekufa. Akarudi nyumbani akipita kandokando ya ukuta, asije akatisha watoto wa watu.

Mlangoni akakuta kapu la peasi lenye utepe mweupe, na fungu la udi juu yake.

Jioni akaja Sâm, rafiki yake tangu walipolala mkeka mmoja kambi ya wakimbizi. Macho yalikuwa yamemvimba. Alipomwona Bi Nhàn akifunga keki kwa majani ya mgomba, akaganda mlangoni.

"Kama ni wewe, dada, sema kitu cha kunikera. Kama siyo wewe, usinisogelee."

"Mchuzi wako umezidi chumvi tangu tulipokuwa kambini."

Sâm akashusha pumzi, akaketi, akajichukulia peasi.

"Hizo za msiba wangu," alisema Bi Nhàn.

"Msiba haupo. Na kapu nimelileta mimi."

Wakala peasi. Ndipo Sâm akaeleza. Khuê, binti wa Bi Nhàn, ni malenga wa jukwaani. Husimama mbele ya watu na kusema mashairi bila karatasi, mikono ikienda huku na huko kama anafukuza nyuki. Mama yake alitaka mfamasia, akapewa huyo. Mashairi yenyewe ni ya Kiingereza, maana mtoto kazaliwa hapa hapa California, lakini Jumamosi kwenye mkahawa alitia ndani neno moja la nyumbani, la Kivietinamu. Neno lenyewe ni má. Sauti ikipanda, ni mama. Sauti ikilala chini bapa, ni mzuka. Khuê aliilaza.

"Akasema, 'Mzuka wangu anasimama jikoni. Mzuka wangu hali mpaka mimi nishibe,'" alisema Sâm. "Nilikuwa nimekuona Alhamisi. Nikajua umekufa Ijumaa."

Bi Nhàn alicheka mpaka akakumbuka jambo, kicheko kikamkauka. Khuê alikuwa amealikwa kulisema shairi lile lile kwenye tamasha, siku ya kwanza ya Tết. Neno la siku hiyo huufuata mwaka mzima. Watu hata sakafu hawafagii, wasije wakaifagia riziki. Sasa mtu atangaziwe umaiti kwa kipaza sauti, mbele ya mtaa mzima? Mwaka angeumaliza vipi?

Khuê aliporudi, mama yake hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Hilo shairi uliache."

"Mama, watu walilia. Hawajawahi kulia kwenye shairi langu."

"Walilia kwa sababu nimekufa."

Alipoelezwa, Khuê akawa mwekundu kama karatasi ya fataki. "Lakini hivyo ndivyo nimekuita siku zote," alisema polepole. "Na siku zote unaitika."

Bi Nhàn akakumbuka. Ni kweli. Amekuwa akiitika kama mzuka tangu mtoto aanze kusema, na hajawahi kuona shida, kwa kuwa alijua anayeitwa ni nani.

"Basi nifundishe," alisema Khuê. "Nisipolisema hili, sina kingine cha kukusemea mbele ya watu wako."

Wakaanza. Khuê akapandisha sauti vibaya, neno likageuka farasi. Akashusha, likageuka kaburi. Sâm akaziba masikio.

"We mtoto, unamchimbia mama yako."

Bi Nhàn akafikiri. "Ukiwa bafuni umesahau taulo, unaniitaje?"

Khuê akafumba macho, akaita. Likapanda safi, la kudai, kama mtoto yeyote wa Saigon.

"Kumbe ukiwa na shida unajua," alisema mama yake. "Ukiwa na raha ndipo naitwa mzuka."

Siku ya tamasha Bi Nhàn alikaa mstari wa mbele kwa vazi lake la hariri, na waliomzunguka wakamtazama kwa pembe ya jicho. Khuê akapanda. Alianza vizuri, nyuki wakafukuzwa. Alipofika mahali pa jikoni, akaona macho ya wazee, na sauti yake ikaanza kuteremka.

Bi Nhàn akasimama. "Taulo!"

"Má!" aliitika Khuê, na likapanda mpaka kwenye taa.

Watu wote wakageuka, wakamwona marehemu amesimama na upepeo mkononi. Kicheko kilichofuata hakikumpa Khuê nafasi ya kumaliza beti mbili. Aliposhuka alikuwa amenuna.

"Hakuna aliyelia, Mama."

"Mimi nimelia. Na nilikuwa hai."

Usiku huo Khuê alikuwa sebuleni, miguu juu ya kochi. "Ma, keki imebaki?" akaita, bapa kabisa.

"Ipo," aliitika Bi Nhàn, akaenda kuikata.

Lakini kina mama wenye watoto wa majukwaa, ya kuepuka ni haya:

Usimwache mtoto apande na neno la nyumbani ambalo hujalisikia kwa masikio yako.

Usijifiche nyuma ya mafenesi ukisikia umekufa. Tokea mapema.

Usitegemee salamu ya muuza samaki.

Usifagie siku ya kwanza.

Usile peasi za msiba wako bila kuuliza zimetoka kwa nani.

Usipige kelele "taulo" kabla mtoto hajafika mahali pa jikoni.