Limekuitikia Nini?

Ghalani wananiita Mama Hodi, na wanaocheka wacheke. Kazi yangu ni kupiga muhuri kwenye magogo yanayouzwa nje ya nchi. Muhuri wenyewe ni nyundo: uso mmoja una namba yangu, ishirini na saba, uso wa pili ni mtupu. Namba ikishaingia kwenye gogo, maana yake nimeapa kwamba mti huo umekomaa na umekauka. Wenzangu hupiga namba na kupita. Mimi kwanza nageuza nyundo, nagonga kwa ule uso mtupu, taratibu, nasikiliza. Gogo kavu huitika kwa sauti nyepesi, kama mtu aliyeko nyumbani. Gogo bichi hutoa mlio mzito, mara moja, likanyamaza. Hodi hiyo huacha kishimo cha duara kando ya namba. Kwa miaka ishirini na miwili sijapiga namba bila hodi.

Mtu mmoja tu nilimfundisha: mdogo wangu, kitinda mimba wetu, niliyemlea tangu mama alipofariki na kumwacha ana miaka sita. Tulipokuwa tukipasua kuni nyuma ya nyumba, nilimpa nyundo ya baba. Akigonga, namuuliza, "Limekuitikia nini?" Naye anajibu, "Kavu, dada," au "Bichi, dada," na ilikuwa nadra kukosea. Nilijivuna kama vile nimemzaa mimi.

Akasoma, akafika nisikofika. Sasa ana meza yake katika ofisi ya mauzo ya nje, ghorofa ya juu ya ghala letu, na ndiye anayeandika taarifa ya kila mwaka ya mwelekeo wa mazao ya shamba na misitu. Mwaka jana alisimama mbele ya wakubwa akasema kahawa itashuka kwa sababu mvua imechelewa, chai itasuasua, lakini magogo yatapanda kwa robo nzima na kuziba pengo lote. Walimpigia makofi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na mlango. Nikapiga pia, kisha nikamvuta pembeni.

"Hiyo robo utaitoa wapi? Magogo yaliyoko bandani hayakauki kabla mwaka haujaisha."

"Dada, wewe nawe! Huu ni mwelekeo, siyo ahadi."

"Na hao waliopiga makofi, wanajua hivyo?"

Akacheka, akaninyooshea kola ya koti langu la kazi. "Usiniharibie siku yangu, basi."

Sikumharibia. Mwezi wa kumi nikafanyiwa upasuaji wa jicho, nikaambiwa nikae nyumbani wiki tatu. Ufunguo wa kabati la nyundo nilimwachia yeye. Nilimwambia asimpe mtu, hata Mkurugenzi mwenyewe akipiga magoti. "Utampata wapi mwingine kama mimi, dada?" akanitania. Kila akitoka kazini alipitia kwangu kunitia dawa jichoni, tone kwa tone, amenishika kidevu nisitikisike.

Mwaka ukafungwa. Robo yake ikatimia, akapandishwa cheo, na mimi nikafurahi sana, mjinga mimi, nikaona labda miti siku hizi inakauka upesi.

Mwezi wa pili shehena ikarudishwa. Wanunuzi walifungua makontena wakakuta ukungu na magogo yaliyopasuka. Wakaandika kwamba hawachukui tena mti wetu hata mmoja mpaka ajulikane aliyeapa uongo. Nikaitwa juu. Mkurugenzi alikuwa mezani, karani pembeni yake na kalamu, na mdogo wangu upande wa pili na makaratasi yake. Walikuwa wametandaza picha meza nzima. Namba ishirini na saba, gogo baada ya gogo.

"Hati zinaonyesha magogo haya yalipigwa muhuri Jumapili tatu mfululizo za mwezi wa kumi, ghala likiwa limefungwa," akasema Mkurugenzi.

"Jumapili hizo nilikuwa nyumbani na bandeji jichoni. Kuna mtu amechukua nyundo yangu."

"Na mimi nilitaka kuamini hivyo." Akanisogezea picha moja. "Mama Hodi, hiki kilicho kando ya namba ni nini?"

Kishimo cha duara. Nikatazama picha ya pili, ya tatu, ya nne. Nilikuwa nimejiandaa kumshuku kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi mwenyewe. Kwa kishimo kile sikujiandaa.

"Ghala zima linajua ni wewe peke yako unayegonga hivi," akasema. "Leo hii nasaini barua ya kukufukuza, na jina lako nawapelekea wanunuzi." Akamgeukia mdogo wangu. "Wewe unamfahamu kuliko sisi. Kuna mwingine anayegonga hodi?"

Mdogo wangu akapanga makaratasi yake, akayapanga tena. Nilimpa muda. Naapa nilimpa muda, na angesema hata nusu ya neno ningemsamehe palepale.

"Sijawahi kumwona mwingine," akasema.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wasemavyo. Hawakusema kwamba kinaweza kukutia dawa jichoni huku kinakula. Uongo wake pengine ningeumeza, maana nimemeza mengi ya huyu mtoto. Kilichonichoma ni vile vishimo. Angepiga namba tu na kupita, kama wale wavivu wa kule chini, ningesema hakujua. Lakini aligonga hodi. Alisikiliza gogo moja moja, likamwambia ukweli, akageuza nyundo akapiga namba yangu.

Sikumfokea. Nilichukua picha ya juu nikaiweka juu ya makaratasi yake, nikamuuliza kwa sauti ileile ya nyuma ya nyumba:

"Limekuitikia nini?"

"Bichi, dada."

Lilimtoka kabla hajainua macho. Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Karani akamtazama Mkurugenzi, na Mkurugenzi akamwambia, "Andika."

Nyundo nilirudishiwa wiki hiyohiyo, ingawa sina cha kugonga. Banda limejaa na wanunuzi hawajarudi, na taarifa ya mwaka huu anaiandika mtu mwingine.

Jumamosi asubuhi alikuja kwangu. "Hodi, dada." Alibisha mara tatu, taratibu, na kila mara akangoja kusikia, kama nilivyomfundisha. Nilikuwa nimekaa hatua mbili tu kutoka mlangoni.

Sikumwitikia.