Mahali pa Kosa

...mahali pa kosa, koplo Nyang'au anauliza tena, kalamu juu ya karatasi, mama, kosa lilifanyikia wapi, na mimi nitasema wapi, siku hiyo nilikuwa nyumbani Silibwet, mtoto ana homa, nampangusa na kitambaa cha maji, na siku hiyo hiyo barua ikatoka kwa kompyuta yangu ya kiwanda ikafika Uingereza, tutachoma ghala la chai na wazungu wakiwa ndani, chini yake jina langu, Chepkemboi, na koplo anacheka, unanyonyesha Silibwet na saa hiyo hiyo unatisha mzungu huku kiwandani, wewe ni mama ama jini, na nikiandika mahali ni ndani ya kompyuta hakimu ataniuliza niliingia humo na Land Rover gani... yule fundi wa kompyuta waliyemleta kutoka Nairobi ndiye alinimaliza, alisema huko hakuna mlango wala askari wa geti, kuna neno la siri tu, neno ni lako basi aliyeingia ni wewe, miguu yako ilikuwa wapi si hoja, na mimi sijampa mtu hilo neno, hata mume wangu, sijaliandika popote, Mungu ni shahidi... mtoto analia, Chepkurui anambembeleza pale kwa benchi, dada ya mume wangu, mpiga taipu wetu kiwandani, amekuja kunishikia mtoto, alikubali haraka, hata chai hakumaliza, nyamaza, anamwambia, nyamaza Sigilai... Sigilai... kliniki anaitwa Kipngetich, kanisani Kipngetich, Sigilai ni babu aliyekufa, usiku wa kuzaliwa wanawake waliita majina ya wafu mmoja mmoja mimi bado natoka damu, chafya ya mtoto ndiyo huchagua jina la ndani, lisilotajwa nje, mtoto kimya, kimya, wakafika Sigilai akapiga chafya, wakashangilia, mama mkwe, mkunga, na Chepkurui ameshika taa, na mimi mjinga, niliporudi kazini nikaambiwa nichague neno la siri ambalo mtu wa ofisi hawezi kujua, nikachagua hilo jina, nikaona liko salama kama bado liko tumboni... yeye ndiye alikalia kompyuta yangu nikiwa likizo ya uzazi, nikarudi, wakamrudisha kwa taipureta, akatabasamu, karibu mama Kipngetich, kiti nimekupashia moto... nikisema ni yeye, afande, kwa sababu gani, kwa sababu ya chafya, atacheka mpaka aite wenzake... leo utalala ndani, anasema koplo, mtoto ataenda na shangazi, ona vile wamezoeana, na Chepkurui ananiangalia juu ya kichwa cha mtoto, hapepesi macho, kiganja chake kwa utosi, pale laini panapodunda, nyamaza Sigilai, analisema polepole, anataka nisikie, anataka nijue, na sasa najua mahali, ni kile chumba nilichojifungulia, ni ile taa, na leo usiku homa ikirudi mtoto wangu atakuwa mikononi mwake, hiyo mikono, nikimtaja sijui itamfanya nini, na kalamu bado haijagusa karatasi, mahali, mama, sina siku nzima... sijui, afande, andika popote, andika nilikuwa mimi...